Radhi Uliyomnyima Salma

Nassor,

Umesoma mpaka ukapewa ofisi hapo Unguja, lakini adabu ya kumjibu mama yako hukuisoma. Wiki nzima nakupigia, simu unaitazama tu. Basi utasoma, maana barua huwezi kuikata.

Hamjambo huko? Mkeo mgongo umepoa? Sisi huku Muskati tupo, miguu yangu imevimba, joto halipungui, na nyumba haina raha. Salma, binti wa marehemu kaka yako, hali chakula. Akirudi kazini anajilaza na abaya yake mwilini.

Wewe ndiwe walii wake wa kumwoza. Yule kijana wa Kituruki alipokuja kumposa ulisema, "Huyo Alevi, mama. Hawasali hao, hawana dini." Nani kakwambia? Watu wa barazani. Mimi nilimwita kijana mwenyewe, Haidar, akaja baada ya magharibi, katoka kiwandani anakofanya kazi, Rusayl. Muharram ilikuwa. Nikamwekea maji ya baridi na mchuzi wa mbuzi. Hakugusa. Nikamwambia, "Unaringa nini? Chakula changu kinanuka?" Akainama. Akasema wamo katika mfungo wa msiba wa Husein, mjukuu wa Mtume, na hata wakifuturu maji matupu hawanywi wala nyama hawali, kwa kuwa Husein aliuawa na kiu yake. Niliona haya, mtu mzima mimi. Nikampa chai na tende.

Nikamuuliza, "Nyinyi khasa watu wa wapi?" Akasema wazee wao walitoka Khorasan, huko Uajemi, wakahamia milima ya Uturuki, wengine wao wanasema walikuwa pale pale tangu zamani, hata wenyewe hawajakubaliana. Walijificha huko kwa sababu masultani waliwaua kwa jinsi wanavyompenda Ali, babake Husein. Msikitini wengi wao hawaendi. Wanakaa duara, wanaume na wanawake pamoja, gambusi linapigwa, wanazunguka. Gambusi kwenye ibada! Mimi hayo siyataki. Lakini kabla ya kuanza, mzee wao huuliza nani ana kinyongo na mwenziwe, na akiwepo mmoja, ibada haiendi mpaka wapatane.

Nikamwambia, "Oaneni, Nassor atazoea." Akasema, "Bibi, nikimchukua na ami yake hana radhi nami, duara lile sitakaa tena." Akakupigia wewe. Ukamwita kafiri.

Na sisi Maibadhi watu wanatuitaje? Ulipokuwa mdogo ulirudi chuoni unalia, wenzio wamekwambia babu yako khawarij, katoka katika dini. Nilikufuta machozi kwa kanga yangu hii hii. Umesahau mara hii?

Haidar kaacha kazi, kaenda zake kwao. Mama yake kapata habari ya neno lako, naye kasema mwanawe hamtoi kwa watu wanaomtukana. Kwa hivyo hata ukitoa radhi leo, imekwisha. Salma anamwandikia, hajibiwi. Mimi nakaa naye mlangoni.

Nisalimie mkeo, na shangazi yako wa Chwaka, na huyo mjukuu wangu mdogo asiyeijua sura yangu.

Na yule mwenye duka wa Wete uliyempa ahadi ya Salma bila ya kumuuliza mtu: nenda kwake wewe, kwa miguu yako, umrudishie posa yake. Usimtume mtu.

Mamako,
Bi Zuwena, Matrah