Siku Mpishi na Fundi Walipokubaliana

Dada yangu mpendwa,

Barua hii ikukute goti limepoa na mama bado anakugombeza, maana akinyamaza ndipo tutakapoogopa. Mimi mzima, ila mgongo tu. Msomee mama hadi hapa, kisha mwambie karatasi imeisha.

Ule ubao wa ukumbusho wa meli, niliojigamba kuwa ni kazi ya siku tatu, sasa una mwezi wa pili. Mkuu wa bandari hataki herufi ibaki ubaoni mpaka manusura wawili waliosalia, Mpishi na Fundi wa injini, wakubaliane. Dada, heri angeniambia niipake bahari rangi. Mpishi anasema meli ililalia kushoto. Fundi anasema kulia, na kwamba Mpishi hajaujua mkono wake wa kushoto tangu azaliwe. Mmoja alimwona nahodha akisali, mwenzake alimwona akitafuta viatu. Jumatatu niliandika kuwa ilizama alfajiri. Jumanne nikafuta, nikaandika saa mbili. Jumatano Mpishi akauliza ni mjinga gani kaandika saa mbili wakati yeye alikuwa hajachemsha hata chai. Fundi akasema chai yake ndiyo iliyoizamisha meli. Nimefuta mara kumi na moja. Ubao umeanza kukonda.

Na wewe kila barua unaulizia mstari wa baba. Basi Alhamisi uvumilivu uliniishia, nikaweka brashi chini nikawauliza kuhusu mshika usukani, baba yetu. Wakajibu kwamba alimvalisha mwanamke mjamzito jaketi lake la uokozi, akarudi kwenye usukani. Yale yale aliyotusimulia mama. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Hata gauni la yule mjamzito lilikuwa bluu kwa wote wawili. Watu wasioafikiana meli ililalia wapi, wanaafikiana rangi ya gauni! Hapo nikajua kuna jambo.

Nilimfuata Mpishi hadi kwenye ngazi za ofisi. Alikana, akanitukana, kisha akalia. Akasema hawakumwona baba kabisa. Yeye alikuwa jikoni, Fundi chini kwenye injini. Ila waliposhushwa gatini walimkuta mama, mimi mgongoni, wewe umeng'ang'ania gauni lake, akimuuliza kila anayeshuka. Wakatazamana, wakatunga pale pale. Fundi akatoa jaketi, yeye akatoa mjamzito. Wakaapa hakuna atakayebadili neno.

Najua, dada. Miaka arobaini na moja umetembea kifua mbele kwa sababu ya jaketi lile. Nisamehe kwa kukwambia, maana peke yangu limenishinda kubeba.

Nisamehe na hili: mstari wa baba nimeuandika, jaketi na yote. Herufi kubwa kuliko zote, rangi ya mafuta, nimeipaka mara mbili. Mkuu wa bandari kafurahi kwamba hatimaye upo mstari usio na ubishi. Ubao umeshapigiliwa ukutani.

Mlete mama Jumamosi. Akitaka kuzipapasa herufi mwache, zimekauka. Wazee wale wawili watakuwepo, wakigombania kushoto na kulia. Wasalimie kwa heshima, na usiwaulize kitu.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye rangi kuchani