Ini la Mgeni

Kulwa mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Isikizya. Bibi yako mguu umepata nafuu, ila shangazi yako bado anakohoa. Tumefurahi umeanza kazi maabara ya mifugo. Umeniuliza mbona tangu unijue sili maini.

Nilikuwa kijana, baba alishafariki. Ndama wetu walipauka manyoya na kuyumba miguu ya nyuma. Ng'ombe mmoja alipoanguka tukamchinja, na bwana mifugo akaniambia, "Nitunzie ini. Kesho nalipeleka maabara, waone madini gani yamepungua."

Jioni mjomba wake mama akafika kutoka Nzega. Kwetu ini ni la mgeni anayeheshimiwa. Niliona aibu kumpa mzee nyama ya paja huku ini nimelificha, nikamchomea lote. Asubuhi bwana mifugo alitazama sahani tupu, akasema, "Basi, tusubiri mwingine."

Mwingine kuanguka alikuwa ng'ombe wa mama, aliyetunywesha maziwa sote. Ini lake nililibeba mwenyewe hadi mjini Tabora. Jibu likaja: wamepungukiwa madini ya shaba. Dawa ilikuwa chumvi ya kulamba yenye shaba tu, Kulwa, chumvi!

Ikikufikia sampuli iliyochelewa, usimkaripie aliyeileta.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Ila tangu hapo, kila tulipochinja, alinipakulia nyama bila ini, nami sikuwahi kumwuliza.

Babu yako