Mama Anaitwa kwa Jina la Mwanangu

Jumapili alasiri, Masasi. Jua linachoma, ila baridi ya Newala bado iko mifupani mwangu.

Sina raha. Tangu jana kila neno la mama nalipima mara mbili.

Naishi Mkomaindo kwa mama mdogo, tunauza mitumba sokoni. Nilimzaa Somoe nikiwa na miaka kumi na sita, nikafukuzwa shule. Alipoacha ziwa nikamwacha Newala kwa mama, nije kutafuta riziki. Sasa anakimbia na kuongea. Kila nikipata nafasi, napanda kwenda kumwona.

Jana asubuhi, ukungu haujaondoka, nilikwenda na mama kununua maji. Mwenye bomba akaita, "Mama Somoe, sogeza ndoo." Nikasogea mimi. Kumbe si mimi niliyeitwa. Mama akaitika, wala hakunitazama.

Mama ni Mama Zuhura. Zuhura ni mimi.

Kuanzia hapo nikawa namchunguza. Nikitaka kumwogesha Somoe, mama ananiambia nipumzike, nimechoka na safari. Nikitaka kumlisha, ananipokonya kijiko huku akicheka. Na mtoto mwenyewe, alipojikwaa mlangoni, alinipita mimi nimefungua mikono, akaenda kumwangukia bibi yake huku akilia, "Mama." Mimi ananiita dada.

Hilo hakulijua mwenyewe. Amefundishwa.

Mchana tukimenya mihogo nikashindwa kunyamaza. "Mama, kwa nini wanakuita Mama Somoe?"

Aliendelea kumenya. "Ile shule ya binafsi iliyofunguliwa huko Masasi, nimezungumza na mwalimu mkuu. Atakupokea. Nimemwambia huna mtoto."

"Na Somoe?"

"Kitinda mimba wangu. Mimi si mzee, nani atabisha?"

Niseme kweli, maana hapa mtandaoni hakuna anayenijua. Cha kwanza nilichosikia moyoni ni nafuu, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Nilijiona nimevaa sare. Hasira ilikuja baadaye, na kwa kuwa ilichelewa, siiamini sana.

Mama naye simwamini. Anasema anafanya kwa ajili yangu. Lakini nimeona anavyomnusa Somoe shingoni akidhani simtazami. Watoto wote tumemkulia, nyumba ilikuwa kimya. Je, ananipa shule, au ananunua mtoto kwa shule?

Leo asubuhi nilimfunga Somoe mgongoni, nikamwambia mama naondoka naye. Hakunizuia. Alikunja gauni moja la mtoto, akalikunjua, akalikunja tena. "Wakijua, hawatakupokea," alisema. Basi.

Njia inapita pale bombani. Somoe alikuwa analia, anarusha miguu, anamwita mama yake.

"Shikamoo," nikamwambia mwenye bomba.

"Marahaba. Mdogo wako ana nini?"

Watu walikuwa wamejipanga na ndoo zao, wote wanatusikia. Ningeweza kusema ana usingizi.

"Si mdogo wangu. Nimemzaa mimi."

Mwanamke mmoja akainama kusogeza ndoo yake ambayo tayari ilikuwa mahali pake. Habari hiyo itamfikia mwalimu mkuu, maana Newala na Masasi hazifichani kitu. Nitakwenda kumwona mwenyewe kesho Jumatatu, nimwambie kabla hajaambiwa. Akinikataa, amenikataa mimi na mwanangu pamoja.

Lakini kuna kitu kinanitafuna. Nilipolitamka lile neno, nilikuwa namtazama Somoe, au moyoni nilikuwa namwona mama akilisikia kule nyumbani? Nimemchukua mtoto kwa sababu nampenda, au kwa sababu nimenyang'anywa?

Sijui. Huenda nitalijua nikishamlisha, nikamwogesha, nikakesha naye akiwa na homa.

Naandika hapa kwenye kibanda cha intaneti, naye amelala mgongoni. Alilia njia nzima mpaka sauti ikakauka. Pumzi yake inaunguza shingo yangu. Akiamka ataita mama.

Nitaitika, hata kama si mimi anayemwita.