Lesian Yiamat wa Tatu

Kijenge, Arusha
Jumamosi, 11 Januari 2025

Mdogo wangu Lesian,

Pokea salamu zetu. Huku tuko wazima kiasi. Brightness anaota meno, halali, na asipolala yeye silali mimi. Abdiel yuko Serengeti na wageni mpaka mwisho wa mwezi. Yeyo wetu, mama asiyejua kupumzika, mgongo unamsumbua lakini bado anakata majani ya ng'ombe mwenyewe kule Olmotonyi. Ukimkataza anakuuliza, "Nani atakata, wewe?" Na wewe je? Unakula? Unalala?

Barua yako nimeipata. Elinaza kanitolea chini ya kikapu cha sukuma kama mtu anayeuza bangi. Nikamwuliza, "Mama, mpishi wa kambi ya wakimbiaji anaficha barua kwa nini?" Akasema, "Bosi Derick hataki vijana wawasiliane na nyumbani. Eti inawatoa kwenye mazoezi." Kuwanyang'anya simu nimeelewa, vijana mnashinda humo. Lakini barua? Hata mfungwa anaandikiwa.

Nikuchekeshe kidogo. Abdiel kabla hajaondoka aliandika jina lako kwenye simu atafute picha zako ukikimbia. Wakatokea Lesian Yiamat wawili, na wote si wewe. Mmoja mchoraji, anachora ng'ombe wa bluu na wazungu wananunua. Wa pili mkimbiaji kama wewe, ana medali mpaka shingo imeinama, na imeandikwa Desemba hii iliyopita alikuwa wa nne huko Ulaya. Abdiel akasema, "Shemeji yangu wa tatu. Si haba, bado ni shaba."

Sasa hilo la cheti cha kuzaliwa. Unaandika tu "mpe Elinaza, haraka." Cheti si kitenge cha kuazimana. Cha nini?

Dada yako,
Mama Brightness


Momela
17 Januari 2025

Dada Nosim, shikamoo.

Mimi mzima sana, Mungu mwema. Natumaini hilo jino limetoka. Mwambie Brightness mjomba anakuja na viatu vya kuwaka taa.

Dada, usiwe na wasiwasi. Huyo mkimbiaji mliyemwona ndiyo habari yenyewe. Alikuwa chini ya Bosi Derick. Bosi anasema jamaa kapata mwanamke huko Ulaya, kalowea, mbio hazitaki tena. Lakini mwaliko wa mbio za Machi umeshatoka, tiketi imelipwa, na vyote vimeandikwa Lesian Yiamat. Bosi alipoona jina langu kwenye daftari la majaribio alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Kijana, wale hawaaliki sura, wanaalika jina. Na jina unalo, hukuiba kwa mtu." Tatizo ni mwaka tu. Jamaa ni wa tisini na nne, mimi wa elfu mbili na tatu. Ndiyo maana anataka cheti, kuna mtu atakirekebisha.

Nimekimbia tangu darasa la tano bila kualikwa hata Moshi hapo. Sasa nimealikwa Ulaya. Niambie ungekuwa wewe ungekataa.

Na mwili umebadilika, dada. Tunachomwa sindano za vitamini Jumatatu na Alhamisi. Napanda kile kilima cha juu ya ziwa sisikii miguu. Kama kuna mtu ananibeba.

Cheti, tafadhali.

Mdogo wako,
Lesian


Kijenge
25 Januari 2025

Lesian mdogo wangu,

Nakusalimu. Jino limetoka, la pili linakuja, kwa hiyo usingizi bado ni hadithi. Yeyo anakusalimu, ameniletea loshoro ndoo nzima, mahindi na maziwa mgando mpaka juu, kana kwamba sisi ni kwaya.

Cheti sikupi.

Nimesoma barua yako mara tatu, mtoto begani, na kila mara nafika palepale. Jina ni lako kweli. Lakini ule muda aliokimbia si wako. Walioandika mwaliko walimwona mtu, wakampenda mtu. Ukitokea wewe na mwaka wa bandia, wewe ni nani pale? Mwaka uliozaliwa nilikuwa na miaka saba, mimi ndiye niliyetumwa mbio kumwita mkunga, nikaanguka kwenye mfereji na kovu ninalo. Aje Derick aniambie mimi ulizaliwa tisini na nne.

Nimemsomea yeyo. Aliendelea kumenya ndizi. Baadaye akauliza, "Huyo mwenye jina, kwao wanasemaje?" Nami nakuuliza hivyo hivyo. Mtu hawezi kulowea Ulaya nyumbani wasijue. Umewauliza kwao?

Jambo jingine. Elinaza ndiye anayefua mashuka yenu. Anasema foronya yako ina damu. Si siku moja. Vitamini gani hiyo inayotoa damu puani? Kataa sindano ya Jumatatu. Sema unaumwa tumbo, sema dada yako mkali, sema lolote.

Usininunie. Nijibu.

Dada yako,
Mama Brightness


Momela
14 Februari 2025

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kukaa kimya wiki zote hizi. Nilikuwa nimekasirika.

Cheti hakihitajiki tena. Bosi amenipeleka kwa wakili, nimekula kiapo, pasi imetoka na mwaka wa tisini na nne. Naondoka Jumapili tarehe 9 Machi. Wewe una mume, una mtoto, una nyumba Kijenge. Mimi nina miguu. Usinifundishe kuitumia.

Kuhusu kwao huyo jamaa, nilimwuliza bosi. Akasema, "Anayeuliza sana hakimbii sana." Wenzangu walicheka, nami nikacheka.

Damu imepungua. Moyo ndio unapiga hata nikiwa nimelala, nausikia kwenye godoro. Bosi anasema huo ndio moyo wa bingwa. Ukiona mwandiko umeyumba ni mikono tu, baridi ya huku.

Nisalimie yeyo. Usimsomee hii.

Lesian


Kijenge
1 Machi 2025

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu. Hatujambo. Leo sikuulizi hali yako, kwa sababu naogopa jibu.

Nilienda kuuliza kwao. Wewe hukwenda, nikaenda mimi. Juzi nilimfunga Brightness mgongoni nikapanda gari la Ngaramtoni, kwa sababu kwenye simu imeandikwa yule mchoraji ana banda lake pale, picha zimetundikwa mpaka barabarani. Nilijisemea wawili wenye jina moja na ukoo mmoja, hata kama sisi hatuwafahamu, wao lazima wanajuana.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya picha, ana brashi ndogo. Ng'ombe walishakwisha, walikuwa wanapendeza. Alikuwa anapaka rangi ya majani kwenye kona ya chini, pale wanapoandika jina. Lilikuwa limebaki nusu. Picha nyingine zote ukutani kona zilikuwa zimeshafunikwa.

Nikasema, "Shikamoo kaka. Wewe ndiye Lesian Yiamat?"

Akasimama haraka, akachungulia nyuma ya banda. Kulikuwa na mama mzee ameketi, kanyolewa kichwa, anachambua maharage. Akanivuta nje.

"Nani amekutuma hapa na jina hilo?"

"Ni jina la mdogo wangu."

"Kwetu halitajwi. Mama yule akilisikia ataanguka."

Basi nikaelewa, Lesian, hata kabla hajaendelea. Na wewe unaelewa. Bibi yetu alipokufa, binti wa baba mdogo aliyekuwa na jina lake si alipewa jina jingine wiki ile ile, ili la marehemu lisitajwe?

Mkimbiaji ni mtoto wa baba yake mkubwa. Babu yao aliwapa wote wawili jina lake. "Yeye akakimbia, mimi nikachora," akaniambia. "Watu walikuwa wanatuchanganya, wananipigia simu kunipongeza kwa medali zake, tunacheka. Sasa jina limelala naye na mimi nalifuta." Hata msalabani mama yake, yule wa maharage, alikataa jina liandikwe. Kuna tarehe tu.

Nikamwuliza tarehe gani. Akasema, "Tulimzika Oktoba."

Hakuna mwanamke wa Ulaya. Alirudi kutoka Momela, kwenye kambi hiyo uliyopo, akawa analala sakafuni kwa sababu kitandani alisikia moyo wake unagonga. Damu za pua. Siku ya tisa alikuwa anapukuchua mahindi na watoto, akainamisha kichwa kama anatafuta punje iliyoanguka. Hakuinuka. Alikuwa na miaka thelathini. Derick alikuja msibani, alikaa na wazee, alilia kabisa, na alipoondoka aliomba karatasi za mbio za marehemu, eti apeleke taarifa.

Sasa fikiri pamoja nami. Amezikwa Oktoba. Kwenye simu imeandikwa Desemba alikuwa wa nne. Desemba alikimbia nani? Mchoraji hajui. Mimi sijui. Huyo kijana yuko wapi, na kwa nini sasa unahitajika wewe?

Sikugombezi tena. Ungekuwa mdogo ningekuja na fimbo, lakini umekua, nakuomba. Jumamosi ijayo, tarehe 8, Elinaza anashuka na pikapu ya mboga. Panda nyuma, lala chini ya magunia. Usichukue begi. Usiage. Mbio utakimbia ukiwa na umri wako, hata kama ni za Moshi hapo.

Dada yako,
Nosim


Momela
Alhamisi, 6 Machi

Dada, shikamoo.

Naandika nikiwa chooni, ndiyo sehemu pekee yenye komeo.

Kitanda hiki nilikuta kijana wa Monduli amekiacha. Bosi alisema kachoka mazoezi kaenda kwao. Baada ya kusoma swali lako la Desemba niliinama nikatazama chini. Viatu vyake vya mbio bado vipo, vile vya gharama, na soksi zimo ndani. Dada, sisi tunalala na viatu vyetu. Hakuna mkimbiaji anayekwenda kwao akaacha viatu.

Leo nilisema tumbo linauma. Walinishika wawili wakanichoma hivyo hivyo.

Jumamosi nitakuja. Nitakuwa chini ya magunia kama ulivyosema. Nisamehe kwa maneno ya ile barua.

Andaa uji, sina hamu ya kitu kingine.

Mdogo wako,
Lesian


Arusha mjini, kituo cha polisi
Jumamosi, 8 Machi 2025, saa nane mchana

Lesian mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Nakusalimu tu.

Uji niliuandaa hata kabla sijasoma barua yako. Elinaza alifika saa mbili asubuhi, nikakimbilia nyuma ya pikapu nikaanza kufunua magunia mwenyewe, viazi vinaanguka barabarani, majirani wananitazama. Akanishika mkono. "Mama Brightness, hayumo. Hawamo wote." Akanipa barua yako, akasema ulimpa Alhamisi jioni. Ijumaa kabla ya chai ilikuja gari ya vioo vyeusi, mkapakiwa, geti likafungwa. Alikuona ukipanda. Anasema ulikuwa umeshikwa kwapani, watu wawili, na hukugeuka.

Nililia kidogo, halafu nikaacha, kwa sababu Brightness naye alianza.

Sasa nikuambie nilichofanya, ili usije ukasikia kwa mtu. Nimekushtaki. Nimekuja hapa na barua zako zote, na cheti chako halisi, nikawaambia kesho kwenye uwanja wa ndege kutakuwa na kijana mwenye pasi ya mwaka wa uongo, kwa kiapo cha uongo, na kijana huyo ni wa mama yangu. Yule wa mapokezi akasema, "Mama, unajua atafungwa? Unajua hatakimbia tena kokote?" Nikamwambia najua, andika.

Hawakutaka kuniamini. Eti majina yanafanana, labda nimechanganya watu, labda ni ugomvi wa shamba. Nikampigia mchoraji. Alikuja na pikipiki, mikono bado ina rangi. Afande akamwambia, "Taja jina kamili la marehemu, kwa sauti, tuliandike kwenye maelezo." Akaanza kusugua rangi mikononi. Alisugua mpaka afande akaweka kalamu chini. Kisha akalitaja. Akalitaja lote, mpaka la ukoo, akaweka sahihi, akatoka nje akasimama ameelekea ukutani. Sikumfuata. Nilijua amefanya kitu ambacho kwao hakiondoki, na amefanya kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kumwona.

Baada ya hapo ndipo walipopiga simu uwanja wa ndege.

Abdiel nimempata, yuko njiani anarudi. Yeyo anajua. Amesema niongeze hili: "Mwambie arudi hata kama ana pingu."

Utanichukia. Umri wako wote umetaka mtu asome jina lako kwa sauti mbele za watu, na sasa litasomwa mahakamani, na aliyelipeleka ni mimi. Nichukie, mdogo wangu. Nichukie miaka hamsini. Nichukie mpaka uote mvi, uje na wajukuu zako hapa Kijenge wanichukie na wao, nitawapikia.

Lakini leo usikubali kuchomwa. Ukisikia moyo unakimbia, kaa chini hapo hapo ulipo, hata kama ni mbele ya watu, piga kelele, taja jina la yeyo, taja langu.

Barua hii nampa afande wa kike anayeitwa Brenda, zamu yake ni kesho uwanjani. Ameiweka mfuko wa shati. Nimemwelekeza: mrefu, mwembamba, anatembea vidole vya miguu vikitazama ndani. Ameahidi atakupa mkononi, hatampa mwingine yeyote.

Kwa hiyo kama unaisoma, tumekuwahi.

Dada yako,
Nosim