Taarifa Zilizokuwa Zikija Kwako

Papa Donatien,

Nimechoka, na sijui nimwambie nani mwingine. Bwawa la umeme la Koni liko pale karibu nasi, lakini zahanati yetu ya Kikula inakaa gizani vilevile. Kiti chako hakuna aliyekikalia.

Ulipofariki, mkeo Mama Bea alituomba tusiguse kitu chako mpaka matanga yaondolewe. Tukatii. Tuliifunika kompyuta yako kwa kitenge, na hata mimi uliyenifundisha kazi sikukitoa. Chini yake ile programu ya kuweka nakala za kadi za wajawazito iliendelea kufanya kazi, na kila asubuhi ilituma taarifa kwa barua pepe. Kwako. Kwenye sehemu ya mpokeaji kulikuwa na anwani yako tu.

Kisha umeme ukarudi kwa nguvu ukaunguza kompyuta ya mapokezi, yenye kadi zenyewe. Niliwaambia wauguzi wasiwe na hofu, nakala zipo.

Siku ya kuondoa matanga Mama Bea alinivuta pembeni, simu yako mkononi, macho mekundu. "Ni nani ule mwanamuke anaandikiaka bwana yangu kila asubui?" Nikasoma. Diski imejaa, nakala haikuwekwa. Diski imejaa. Diski imejaa. Nilicheka, Papa, nilicheka mbele ya wafiwa, halafu nikaelewa kwamba nakala hazipo.

Kadi zote za tangu ututoke zimepotea. Wauguzi wanawauliza akina mama upya, mmoja mmoja: damu yako kundi gani, mtoto wa kwanza ulimzaaje? Mama mmoja wa mtaa wa Panda, aliyewahi kujifungua kwa kupasuliwa, alinijia juu: "Niliisha kuwaambia! Munatupiaka wapi maneno yetu?" Nilikukasirikia wewe. Mtu mwangalifu vile, kwa nini uliweka anwani moja?

Hasira haikudumu. Nilikuona tena unakula kikanda, ile keki ya mizizi na karanga, juu ya kibodi, unanizuia nisizime zile taarifa za "yote sawa" zilizokuwa zikinichosha. "Uziache. Kama inanyamaza, weye wende uangalie."

Leo nimetoa kitenge. Nimeweka diski mpya, nikafungua mipangilio ya taarifa, na anwani yako ikawa pale inanitazama. Nikatoka, nikazunguka ua, nikarudi. Nikaifuta. Siku ya mazishi sikulia hivyo. Kisha nikaandika yangu na ya muuguzi Clarisse, nikabonyeza kitufe cha kujaribu, na simu zetu zikalia pamoja. Clarisse alishtuka, akaniuliza kama kuna msiba mwingine.

Nakuahidi nitazisoma zote, hata za "yote sawa", na siku nitakapoondoka hapa nitahakikisha kuna mwingine anayezipokea. Lala sasa, Papa Donatien. Asubuhi hakuna atakayekutafuta kwa ajili ya diski.

Odette wako