Kadi ya Baba Njeri

Jumapili, 7 Mei 2006

Nimepanga kadi za Meza ya Bwana, kama kawaida. Kila mshirika huangusha yake kikapuni akiingia, nami, karani wa kanisa mtaa wetu hapa Jamhuri, hutia alama daftarini. Ya mume wangu haimo. Nimepekua tena. Haimo. Mwezi wa nne haikuwamo, wa tatu pia. Nilidhani anaisahau nyumbani. Yeye ni wa ibada ya kwanza, mimi ni kwaya ya ibada ya pili, hatuonani kule. Lakini kila Jumapili Baba Njeri anatoka na shati la pasi na Biblia ya harusi yetu kwapani. Anaipeleka wapi?

Anayekosa mara tatu bila sababu, jina lake huenda kwa wazee wa kanisa. Mpeleka majina ni mimi. Nimefunga daftari.

Jumatano, 10 Mei

Simu hapokei siku hizi. Inaita mpaka inakata, kisha inakuja SMS: niko kazini, niandikie. Na ndiye aliyesema SMS ni mambo ya watoto! Leo nilikuwa nyuma yake, nikamuuliza Jumapili walihubiri nini. Akaongeza sauti ya televisheni. Ujeuri mtupu.

Ijumaa, 12 Mei

Nimemfumania mbele ya kioo cha bafuni anachezesha vidole. Aliponiona akajifanya anafunga kifungo. Ana jambo huyu. Nimenusa shati lake. Sabuni tu. Hata hilo limeniudhi.

Jumapili, 14 Mei

Nimemfuata. Kwaya nimewaambia koo linauma. Uongo, Mungu anisamehe.

Alipita lango la kanisa letu bila kugeuza shingo. Akashika Ngong Road kwa miguu, manyunyu yakianguka, mimi nyuma na mwavuli usoni. Huko Kilimani akaingia geti la shule. Mwanamke wa blauzi ya kijani akampokea kwa kumbatio. Baba Njeri akacheka. Hajacheka hivyo kwangu tangu Krismasi.

Sikuingia. Nimerudi nikalia jikoni. Kisha nikakasirika zaidi, maana asubuhi nilikuwa nimempikia chapati.

Jumanne, 16 Mei

Mzee Gitau, mwenyekiti wa wazee, amepita. "Mama Njeri, Jumapili mchana tunakaa. Hiyo list iko ready?" Nikasema bado kidogo.

Jina likiwafika watakuja hapa sebuleni kumhoji mbele yangu. Akikaidi, atatengwa. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na ni mimi nitakuwa nimemshtaki. Nimeliandika kwa penseli. Nimelifuta. Nimeliandika tena.

Jumapili, 21 Mei

Leo niliingia. Nilikuwa na maneno yangu tayari.

Ukumbi wa shule umejaa watu na hakuna sauti. Mikono tu, hewani. Yule wa blauzi ya kijani yuko mbele, anahubiri kwa vidole.

Msichana wa mlangoni akaniuliza, "Karibu mama. Umekuja na nani?"

"Ni bibi ya yule wa shati ya blue."

"Ah, mzee wa mashine! Bado anajifunza signs. Alituambia huko kanisani kwenu alikuwa anakaa tu, hasikii kitu."

Msumeno wa kiwanda cha mbao anakofanya kazi, miaka yote hiyo. Na mimi naita ujeuri. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Baba Njeri akaniona. Akaja na hofu usoni. "Nilijua utanionea huruma," akasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi. Hakuna aliyegeuka isipokuwa msichana wa mlangoni. Nikakaa kando yake mpaka mwisho, sielewi hata neno moja.

Mchana nimempa Mzee Gitau orodha. Kwa Baba Njeri, kwenye nafasi ya sababu, nimeandika: alikuwa kanisani.

Jumatatu, 22 Mei

Mvua asubuhi yote. Chai ilipoiva nimemwita kutoka jikoni, mara mbili, kabla sijakumbuka. Nimezima jiko, nikaenda kusimama mbele yake.