Sighvatur Wetu, Mtu Asiyejua Kutunza Siri

Mwaka umetimia, Sighvatur, tangu moyo wako usimame ukiwa na beleshi mkononi, ukiondoa theluji mlangoni kwa jirani kabla hujagusa ya kwako. Mkeo Ásgerður ameniomba mimi, dada yako, niandike haya. Yeye kila akianza anaishia kucheka, au kulia, na karatasi inabaki nyeupe.

Ulianza mpira wa mikono kwa sababu baba alichoka kununua vioo vya madirisha. Mfupi, mashoto, mbishi. Tangu siku ile ukumbi wa michezo wa mji wetu wa Hrafnavík ulikumeza, na sisi tukaanza kuishi na ule ulimbo mnaopaka vidoleni ili mpira usiponyoke. Ulimbo ulikuwa kwenye mlango wa friji, kwenye vitasa, kwenye usukani, na baadaye kwenye nywele za binti yako Dagrún. Mama alikuwa akisema, "Huyu akipotea hatuna shida. Tutafuata vitasa."

Ukaenda Ujerumani, ukacheza winga ya kulia miaka mingi, ukavaa jezi ya taifa. Kila Januari, msimu wa mashindano ya mataifa, mji mzima ulijifungia mbele ya televisheni kukutazama. Mama hakuwahi kuona penalti yako hata moja. Ukishika mpira tu, alikimbilia chumba cha kufulia na kuziba masikio, halafu anapiga kelele kutoka kule, "Imeingia?"

Goti lilipogoma ukawa kocha kulekule, tena kocha mzuri. Lakini Dagrún alikuwa anakaribia kuanza shule, na Ásgerður alikuwa amehama miji mpaka amechoka. "Sahani zangu zinataka kukaa kabatini kama sahani za watu," alisema. Mkarudi. Ukapewa timu ya wasichana wa hapa, ambao kwao kufungwa kulikuwa kama mazoea ya kunywa kahawa.

Halafu klabu moja kubwa ya Ujerumani ikakupigia simu. Walikutaka uwe kocha mkuu. Ulipanga kuzungumza na Ásgerður jioni, kwa utulivu, kama mtu mzima. Ila asubuhi ukaenda kuogelea, na baada ya kuogelea ukaingia kwenye chungu, yale maji ya moto mnamokaa hadi shingoni mkichambua maisha ya watu. Mzee Arngrímur akakutazama.

"Mbona unang'aa hivyo?"

"Hakuna kitu."

"Sighvatur, sema."

"Basi nitasema, lakini isitoke humu."

Isitoke humu! Kwenye chungu, na nusu ya mji imo ndani! Kabla ya chakula cha mchana Ásgerður alikuwa amesimama kwa mwokaji akingoja mkate, na mwokaji akamuuliza kwa upole, "Na zile sahani, mnaenda nazo au mnaziacha?"

"Twende nazo wapi?"

"Ujerumani. Kwani hamhami?"

Tulikuwepo uliporudi nyumbani. "Mimi umeniambia wa ngapi?" alikuuliza.

"Ásgerður, mpenzi, nilikuwa nataka..."

"Wa ngapi, Sighvatur?"

"Baada ya watu wa kwenye chungu."

"Na mwokaji."

"Huyo sikumwambia mimi!"

Aliyecheka ni Dagrún peke yake. Ásgerður alisema yeye hahami tena, na wewe ukitaka kwenda, nenda, hatakushika shati. Ukaenda kwenye simu, ukakataa kazi ile, ukarudi mezani ukaomba chumvi.

Watu hawakumwacha salama. Walimwambia mkeo usoni kwamba amemkalisha mtu ambaye angefika mbali. Neno hilo lilimkaa moyoni. Ukitazama mechi za Ujerumani kwenye televisheni, yeye alikuwa akikutazama wewe. Siku moja alijikaza akauliza, "Unajuta?"

"Najuta kumla yule samaki taa aliyevunda," ukasema, maana ilikuwa siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi, siku ambayo kwa desturi yetu huliwa samaki huyo, na nyumba nzima ilikuwa inanuka. Alicheka. Lakini hakujua kama umemjibu au umemkwepa, na hakuthubutu kuuliza tena.

Wewe ukaendelea na wasichana wako, mkivuka milima kwa basi dogo, kwenye dhoruba, kwenda kufungwa mji wa pili. Dagrún anaikumbuka hotuba yako ya mapumziko siku mliyoachwa mabao kumi na moja: "Mnacheza vizuri. Wenzenu wanacheza vizuri zaidi. Nani ana njaa?" Kisha ukamega chokoleti, ukamgawia kila mmoja.

Siku tuliyokuzika, tukiwa kwenye kahawa baada ya kanisa, alikuja mzee wa Kijerumani ambaye hatukumjua. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ile. Alimshika Ásgerður mkono.

"Nilimwomba kila mwaka, mama," alisema, "mpaka nilipostaafu."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Na jibu lake lilikuwa moja. 'Asante sana, lakini Jumamosi nina mechi.' Nikamuuliza, mechi gani hiyo isiyoisha? Akasema, 'Hii siwezi kuikosa.' Nilidhani ni fainali."

"Tulikuwa tunafungwa," Dagrún akasema.

Tuligeuka kumtazama Arngrímur. Aliweka keki chini, akaapa kwamba jambo hilo halijawahi kusikika kwenye chungu. Wewe, ambaye hukuweza kunyamaza hata asubuhi moja, hili ulilificha miaka yote. Tumeelewa kwa nini. Ungemwambia Ásgerður, angejiona mzigo, angeanza kufungasha sahani.

Kanisani alikuwa hajatoa chozi. Alilia pale, kikombe mkononi, akisema, "Mjinga wewe. Mjinga wangu wewe." Tangu siku hiyo mtu akimwambia kwamba alikukalisha, anamjibu, "Aliombwa kila mwaka. Alikaa mwenyewe."

Tunakupenda, Sighvatur, na tumekukosa mno.

Unakumbukwa na mkeo Ásgerður. Binti yako Dagrún, ambaye sasa ndiye kocha wa timu. Dada yako Hallbera. Shemeji yako Eyvindur. Na wasichana wako wote, walioolewa na wanaoanza leo kujifunza kudaka. Nyumbani hakutakuwa na shughuli ya kumbukumbu. Ni Jumamosi, tuna mechi.

Hutatutoka moyoni.